Melanoma ya kisigino na jua la milimani: jibu kwa msomaji wa Umalila

"Shikamoo daktari. Baba yangu mdogo ana miaka 61, ni mkulima wa viazi mviringo na pareto huku Umalila. Mwaka jana alitokwa na kidonda cheusi kisiginoni, tukadhani ni funza aliyetolewa vibaya. Kilisafishwa na kufungwa bandeji kwa miezi minane, akapewa vidonge vya kila aina, mpaka alipopata mtoki mkubwa kinenani ndipo akapelekwa Mbeya mjini, akakatwa kinyama kidogo cha kupimwa maabara, jibu likaja kuwa ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Nimesoma kwenye intaneti kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na unaletwa na jua. Je, ni kwa sababu tunaishi milimani? Majirani wengine wanasema ni dawa za kupulizia viazi, wengine wanasema alitegewa kitu njiani akakikanyaga. Mimi mwenyewe nina doa jeusi chini ya unyayo tangu utotoni, na kucha tatu za mikono yangu zina mistari myeusi. Dada yangu ana mtoto wa miaka sita mwenye ualbino, na tangu habari hii ije hamruhusu kutoka nje hata asubuhi. Je, huu ni ugonjwa wa ukoo wetu? Na ni kweli kwamba kukatwa kile kinyama ndiko kulikoufanya usambae?"

Marahaba, na poleni sana wewe na familia nzima. Maswali yako ni mengi lakini yamefungwa katika fundo moja, nalo ni hofu ya kwamba kilichompata baba yako mdogo kinawanyemelea na ninyi mliobaki, ama kwa njia ya jua, ama ya damu, ama ya shamba. Nitalifungua fundo hilo taratibu, na nitaanza na jua, kwa sababu limewachanganya wengi kabla yako.

Ulichokisoma si uongo, ila kiliandikwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine. Mwaka 2020 melanoma iligunduliwa kwa watu takriban 325,000 duniani, na wengi wao walikuwa watu wenye ngozi nyeupe wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Australia na New Zealand. Nchini Australia, ambako watu wa asili ya Ulaya wanaishi chini ya jua ambalo ngozi yao haikuumbiwa, hugunduliwa wagonjwa zaidi ya 30 kwa kila watu 100,000 kila mwaka. Katika nchi nyingi za Afrika kiwango hicho hakifiki mgonjwa mmoja kwa kila watu 100,000. Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2.3 katika sensa ya mwaka 2022. Kwa hesabu ya chini ya mmoja kwa laki moja, tunazungumzia wagonjwa wasiozidi 23 kwa mwaka katika mkoa mzima, kuanzia Chunya hadi Kyela.

Hesabu hiyo ina pande mbili. Upande mmoja unatuliza moyo: ugonjwa huu ni adimu, na kumpata mtu mmoja katika ukoo hakumaanishi kwamba umeingia nyumbani kwenu. Upande wa pili ndio uliomchelewesha baba yako mdogo. Tabibu wa zahanati anaweza kuhudumu miaka 20 pasipo kukutana na melanoma hata moja, huku akiona vidonda vya miguu kila wiki. Anapoletewa mkulima mwenye kidonda kisiginoni, mawazo yake huenda kwenye msumari, funza, kisukari au donda ndugu, na mara nyingi huwa amepatia. Sisemi hivi ili kutetea miezi minane ya bandeji, kwa maana miezi minane ni mingi mno kwa kidonda chochote kisichopona. Ninasema ili muelewe jinsi uadimu wa ugonjwa unavyomgeuka mgonjwa: ugonjwa usiotarajiwa hautafutwi, na usiotafutwa hupata muda wa kukua.

Sasa tuingie ndani ya ngozi yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mtu mweusi ana seli nyingi za rangi kuliko Mzungu. Sivyo. Seli zinazotengeneza rangi, ziitwazo melanosaiti, zinakaribiana kwa idadi katika watu wa rangi zote. Tofauti iko katika vifuko vidogo vya melanini ambavyo seli hizo huvigawa kwa majirani zao. Katika ngozi nyeusi vifuko hivyo ni vikubwa, vimejaa, vimetawanyika kimoja kimoja, na hujipanga juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli, hivyo mionzi ya urujuanimno inayotoka juani hunaswa kabla ya kuharibu vinasaba vilivyomo ndani. Katika ngozi nyeupe mwavuli huo ni mwembamba na umetoboka. Melanoma ni saratani ya hizo melanosaiti zenyewe, na kwa Wazungu chanzo chake kikuu ni vinasaba vilivyochomwa na jua mara kwa mara, hasa tangu utotoni.

Hebu sasa keti, geuza unyayo wako na uutazame. Umepauka kuliko sehemu nyingine za mwili, sivyo? Nyayo na viganja vyetu vina melanini kidogo, na badala yake vimefunikwa na tabaka nene la ngozi ngumu. Unyayo haulioni jua. Hata hivyo una melanosaiti zake, na melanosaiti popote zilipo zinaweza kuasi. Melanoma inayoota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha ni aina ya peke yake. Wataalamu walipochunguza vinasaba vyake hawakukuta kwa wingi zile alama ambazo jua huziacha. Walikuta zaidi vipande vya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, vilivyovunjika na kunakiliwa mara nyingi kupita kiasi. Kwa maneno mengine, njia iliyoifikisha saratani hii kisiginoni mwa baba yako mdogo haikupita juani.

Kuna jambo jingine ambalo natamani kila tabibu na kila mkulima wa Nyanda za Juu Kusini alijue. Takwimu za Marekani za mwaka 1986 hadi 2005 zilionyesha kwamba melanoma ya nyayo, viganja na kucha huwapata watu wasiofika wawili kwa kila milioni moja kwa mwaka, na kwamba kiwango hicho kinakaribia kuwa sawa kwa weusi na weupe. Miongoni mwa Wamarekani weusi aina hii ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya melanoma zao zote, ilhali kwa weupe ilikuwa sehemu ndogo sana, kwa kuwa wao wana melanoma nyingine nyingi za jua mgongoni, miguuni na usoni. Basi ngozi yetu nyeusi inatukinga vizuri sana na melanoma ya jua, lakini kinga hiyo haishuki hadi unyayoni. Mtu anayeambiwa kwamba melanoma ni ugonjwa wa Wazungu huacha kutazama mahali pekee ambapo yeye mwenyewe yuko hatarini sawa na wao.

Kuhusu milima, ni kweli kwamba jua la kwenu ni kali kuliko baridi inavyowadanganya. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mashamba mengi ya Umalila na Uporoto yamepita mita 2,000, kwa hiyo anayelima huko hupigwa na mionzi zaidi kwa karibu moja ya tano kuliko anayelima Bagamoyo chini ya anga ileile. Mionzi hii haina joto lolote la kuhisi. Mtu wa Makete au Njombe anaweza kuvaa koti zito mwezi Juni, meno yakigongana, na bado midomo yake ikababuka kwa jua. Mawingu mepesi nayo huipitisha sehemu kubwa. Mbeya, ikiwa karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hupitiwa na jua utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Mambo haya yote yana uzito mkubwa kwa mtoto wa dada yako, na nitarudi kwake. Kwa kisigino cha baba yako mdogo hayana uzito.

Je, ni jeraha? Swali hili ni la haki na halijafungwa. Zamani wataalamu waliofanya kazi Afrika Mashariki walidhani kwamba kutembea peku, kuchomwa na miiba na kuumwa na funza ndiko kunakoleta melanoma ya unyayo. Dhana hiyo iliyumba ilipoonekana kwamba watu wanaovaa viatu maisha yao yote nao huipata. Nchini Japani, ambako watu huvaa viatu tangu utotoni, aina hii ndiyo melanoma inayoongoza, na watafiti wa huko waliona kwamba huota zaidi pale unyayo unapobeba uzito wa mwili, yaani kisiginoni na sehemu ya mbele ya unyayo. Huenda basi mgandamizo wa miaka mingi una mchango. Lakini jeraha moja, msumari mmoja au funza mmoja hauleti saratani. Mara nyingi jeraha huwafanya watu waangalie mahali ambapo ugonjwa ulikuwapo tayari. Wengi wenu mnamkumbuka Bob Marley, aliyegundulika mwaka 1977 kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Hadi leo husimuliwa kwamba aliumizwa akicheza mpira. Lakini kuumia hakukuwa chanzo cha saratani ile.

Dawa za kupulizia viazi hazijathibitishwa kuleta melanoma ya unyayo. Zina madhara mengine, kwa hiyo mwendelee kuvaa gambuti, glavu na barakoa mnapopulizia, na msile shambani kabla ya kunawa. Kuhusu kutegewa, sitawadharau majirani zenu. Ninajua jinsi ugonjwa huu unavyoonekana kwa macho: mtu mwenye nguvu zake, asiyelalamika maumivu, anaota kitu cheusi mguuni, hakiponi kwa dawa yoyote, na siku moja uvimbe unatokeza mbali kabisa na kidonda. Ukweli ni kwamba melanoma changa haiumi wala haiwashi, na mtoki wa kinenani ni tezi inayopokea maji ya mwili kutoka mguu ule ule, ikiwa imenasa seli za saratani zilizokuwa zinasafiri. Njia ya ugonjwa kutoka kisiginoni hadi kinenani inajulikana na inaweza kufuatwa kwa kidole. Kinachoniumiza ni pale shutuma hizi zinapomfanya mgonjwa azunguke kwa waganga miezi mitatu zaidi huku uvimbe ukizama.

Kina cha uvimbe ndicho kila kitu katika ugonjwa huu. Tangu mwaka 1970, daktari Alexander Breslow alipoonyesha umuhimu wake, melanoma hupimwa kwa milimita kutoka juu ya ngozi kwenda chini. Iliyo na unene usiozidi milimita moja hutolewa kwa upasuaji mdogo, na zaidi ya watu 9 kati ya 10 huwa hai miaka mitano baadaye. Iliyopita milimita nne ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana Wamarekani weusi, ingawa huugua melanoma mara chache sana kuliko weupe, hufa nayo kwa uwiano mkubwa zaidi: takriban 70 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano, ikilinganishwa na zaidi ya 90 kwa weupe. Kuchelewa ni sehemu kubwa ya pengo hilo.

Sasa niseme juu ya vitu vinavyofanana nayo, maana hapa ndipo wagonjwa wa mikoa yetu wanapopotea. Funza hai huonekana kama kitone cheusi katikati ya duara jeupe, huwasha, na hutoka ndani ya wiki chache. Sugu na chunjua ni ngumu, hukaa miaka, lakini hazibadiliki rangi kuwa nyeusi zenyewe. Damu iliyovilia chini ya ngozi au chini ya ukucha baada ya kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, na huisha. Kidonda cha kisukari huwa na kingo nene na mtu hahisi mguu vizuri. Na kuna ugonjwa mmoja ambao kwetu ni wa kawaida zaidi kuliko melanoma, nao ni saratani ya Kaposi, ambayo hutoa mabaka na vinundu vya rangi ya zambarau au nyeusi miguuni, mara nyingi pamoja na mguu kuvimba. Hii husababishwa na kirusi na hushamiri pale VVU vinapopunguza kinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Kwa sababu hiyo, doa jipya jeusi mguuni katika mikoa yetu linastahili kipimo cha VVU pamoja na kipimo cha kinyama. Tiba za magonjwa haya mawili ni tofauti kabisa, na Kaposi ikiwahiwa kwa dawa za kufubaza VVU, na tibakemikali inapohitajika, wengi hupata nafuu kubwa.

Tuje kwako. Madoa meusi au ya kahawia kwenye nyayo ni ya kawaida sana kwa watu weusi, na mengi hayana ubaya wowote. Doa ulilokuwa nalo tangu utotoni, lisilokua wala kubadili sura, lina uwezekano mkubwa wa kuwa moja ya hayo. Daktari wa ngozi ana lenzi ndogo yenye taa ambayo humwezesha kuona mistari ya unyayo kwa ukaribu, na kwa kuwa wewe ni mtu wa shamba la viazi nitakueleza anachokitafuta kwa lugha ya shamba. Ngozi ya unyayo imepangwa kwa matuta na mifereji. Rangi ikiwa imelala kwenye mifereji, doa kwa kawaida ni salama. Ikiwa imepanda juu ya matuta, doa linatiliwa shaka na hukatwa kinyama. Nakushauri uende ukaangaliwe mara moja, kwa utulivu, bila kukimbia. Kabla ya hapo lipige picha likiwa pembeni mwa sarafu, uandike tarehe, kisha urudie baada ya miezi mitatu. Picha mbili zinazofanana zitakutuliza kuliko maneno yangu.

Mistari ya kucha nayo ina tabia zake. Mtu mweusi mzima kuwa na mistari ya kahawia au myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida, nayo huongezeka na umri. Baadhi ya dawa, ikiwamo zidovudini, huileta pia. Kwamba yako iko kwenye kucha tatu ni habari njema. Ninayemwita haraka ni yule mwenye mstari kwenye ukucha mmoja tu, hasa wa kidole gumba cha mkono au cha mguu, ambao unapanuka, una rangi zisizolingana, unapasua ukucha, au rangi yake imevuka ukucha na kuchafua ngozi inayouzunguka. Kwa unyayo, ninayemwita haraka ni mwenye doa jipya ukubwani, doa linalokua, lenye kingo zilizochongoka au rangi mchanganyiko, linalotoa damu au majimaji, na mwenye kidonda chochote ambacho kwa miezi miwili ya matibabu sahihi hakijaonyesha dalili ya kufunga. Tafadhali msisubiri weusi peke yake, kwa maana baadhi ya melanoma hazina rangi kabisa; huonekana kama kinyama chekundu kinachochubuka na kutoa damu, na hizo ndizo zinazodanganya kuliko zote.

Jioni mnapoosha miguu baada ya shamba, zoeeni kutazamana nyayo na katikati ya vidole, hasa za wazee ambao hawawezi kuinama. Ni kazi ya dakika moja, haina gharama, na kwa watu wetu ina faida kuliko chupa ya losheni ya jua. Nasema hivyo nikijua kwamba matangazo yanasema vingine: kwa mtu mweusi asiye na ualbino hakuna ushahidi wa kutosha kwamba losheni ya jua inamkinga na melanoma. Wanaotumia mkorogo, hata hivyo, wanauvua ule mwavuli niliouelezea kwa mikono yao wenyewe, na krimu nyingi za namna hiyo zina zebaki inayoharibu figo.

Kwamba kisu ndicho kilichosambaza ugonjwa ni imani iliyoenea kila mahali, na kisa chenu wenyewe kinaikanusha. Mtoki ulitangulia, kisu kikafuata. Seli zilikuwa zimekwisha kufika kinenani wiki nyingi kabla ya daktari kushika kifaa. Kukata kinyama kwa utaratibu wa hospitali hakusambazi melanoma, na bila kinyama hakuna anayeweza kupima ule unene wala kujua akate kwa upana gani. Yanayodhuru ni mengine: kuchonga uvimbe kwa wembe nyumbani, kuuchoma kwa dawa za kuunguza au kwa chuma cha moto, na uvimbe kutolewa hospitalini kisha ukatupwa badala ya kupelekwa maabara ya patholojia. Mtu yeyote akitolewa kinyama cheusi, familia iulize kimepelekwa wapi na jibu litatoka lini.

Kuhusu ukoo: familia zinazorithi melanoma zipo, lakini ni chache na nyingi ni za asili ya Ulaya. Melanoma ya unyayo kwa kawaida hairithiwi. Wewe na ndugu zako hamhitaji kupimwa vinasaba. Ualbino wa mtoto wa dada yako unatokana na jambo jingine kabisa, yaani baba na mama wote wawili kubeba kinasaba kile kile pasipo wao kuonekana, na hauna uhusiano wowote na ugonjwa wa babu yake mdogo.

Kwa mgonjwa mwenyewe sitakuficha: melanoma iliyofika kwenye tezi ni hatua ya tatu kati ya nne, au zaidi, na ni nzito. Haimaanishi kwamba hakuna la kufanya. Chukueni karatasi ya majibu ya patholojia na muulize mambo matatu: unene ni milimita ngapi, je, uvimbe ulikuwa umechubuka, na je, kingo za kilichokatwa ni safi. Kisha picha za kifua na tumbo, au CT-skani ikiwezekana, zitaonyesha kama ugonjwa umepita kinenani. Kama haujapita, upasuaji wa kuondoa uvimbe pamoja na takriban sentimita mbili za ngozi nzima kuuzunguka, na kutoa tezi za kinena, bado ni njia inayowaponya baadhi ya watu. Wakati mwingine kisigino hakiwezi kuokolewa na mguu hukatwa. Huo ni uamuzi mgumu, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kwa nini na kupewa siku chache za kufikiri, ila zisiwe miezi. Tibakemikali ya zamani ina nguvu ndogo kwa melanoma. Dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2011 na kuimarika kuanzia mwaka 2014, zimebadilisha maisha ya wagonjwa wengi duniani, ingawa kwa aina ya nyayo hufanya kazi kwa wachache zaidi na bei yake ni kubwa sana. Waulizeni madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kuhusu rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na muulize gharama zote kabla hamjauza shamba. Akipata maumivu, asiyavumilie kwa ushujaa. Mofini ya maji ni dawa halali, na akipewa na daktari kwa ajili ya maumivu ya saratani haimfanyi kuwa mlevi.

Hatimaye mtoto. Hofu ya dada yako ina msingi, ila imeelekezwa kwa ugonjwa usio wake. Watu wenye ualbino barani Afrika ni nadra kupata melanoma. Saratani inayowaua ni ile ya seli bapa, inayoanza kama magamba makavu usoni, masikioni, midomoni, shingoni na nyuma ya mikono, kisha ikawa kidonda, mara nyingi kabla mtu hajafikisha miaka 40. Chanzo chake ni jua, na madhara huanza kujikusanya tangu uchanga, kwa kasi zaidi katika mwinuko kama wa kwenu. Tofauti na melanoma ya unyayo, hii inazuilika kwa sehemu kubwa sana. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, ambayo kofia ya kawaida ya shule haiwezi kuwa mbadala wake. Shati la mikono mirefu la kitambaa kizito, suruali au sketi ndefu, na miwani ya jua. Losheni ipakwe usoni, masikioni na mikononi, na irudiwe mchana. Ipo losheni iitwayo Kilisun, iliyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino katika hospitali ya KCMC Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Losheni ni nyongeza ya nguo, na isitumike kama ruhusa ya kukaa juani. Mwalimu aombwe amkalishe mbele, mbali na dirisha lenye jua, na asimwadhibu kwa kutosoma ubao, kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu.

Akaguliwe ngozi kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na gamba lolote lisilopona ndani ya mwezi mmoja lipelekwe kliniki likiwa bado dogo, ambapo hugandishwa au kukatwa kwa dakika chache. Saa za kumficha ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hata kukiwa na ukungu na baridi. Kabla na baada ya hapo, mwambie dada yako amvalishe kofia yake na amwache atoke akacheze na wenzake.